Radi Ndani ya Kitana

Mpendwa mjukuu wangu Kabula,

Umechanganyikiwa? Baba yako amenisomea ujumbe wako: umeacha Fizikia na Kemia kwa sababu wavulana wa darasa lako huko Bariadi wanakucheka ukikosea. Wakikucheka ndiyo nini? Mimi nimechekwa na watu wazima wa kijiji kizima cha Lingeka na bado nakula ugali wangu. Nimeshika kalamu mwenyewe. Darasa la nne langu linatosha kukugombeza.

Umesahau mwaka jana, radi ilipoua maksai wanne wa mjomba wako Masanja chini ya mgunga? Ardhi haijakauka, watu wameshampata mwenye kosa: jirani yangu, Ng'wana Luhende. Eti mchawi, macho yake mekundu. Mjane kapikia moto wa kinyesi cha ng'ombe, moshi machoni, maisha yake yote, macho yawe ya rangi gani? Lakini leo nakwambia nilichokuficha. Hata mimi niliamini. Asubuhi ile alinisalimia kisimani, "Mwangaluka," nikageuza uso.

Kesho yake mchana wanaume wakakusanyika uani kwa Masanja, wamwamuru mjane yule ahame. Ukaingia katikati yao na sweta lako la shule, bila kuitwa. Nilitaka kukuchapa. Ukachomoa kitana cha plastiki kichwani, ukakisugua kwenye nywele, ukakisogeza kwenye pamba iliyoanikwa. Nyuzi zikanyanyuka zenyewe, zikarukia kitana! Masanja alirudi nyuma kama kaona nyoka.

"Huu ni umeme, wazee," ukasema. "Wa mawinguni ni huuhuu, ila mwingi. Ukitafuta njia ya kushuka unashika kilicho kirefu. Umeshika mti. Haujui jina la mtu."

Kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, akakunyang'anya kitana, akakisugua kwenye kipara chake, akakipeleka kwenye pamba. Pamba imelala tu.

"Kamanda," ukamwambia kwa adabu, "tafuta mwenye nywele."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kisha wakaanza kupokezana kitana, mmoja mmoja, na kila nyuzi ziliponyanyuka waliinama kuzitazama. Kitu kilichoua maksai wanne, kidogo vile, mkononi mwa mtu! Hakuna aliyetaja tena habari ya kuhama.

Ng'wana Luhende bado yuko kwake. Nilimwomba radhi, akanisamehe. Jana tulichuja maji ya majivu ya kupikia mlenda, nikamfanyia ulichonionyesha likizo. Tukayatia kwenye maji mekundu ya maua ya choya, yakawa kijani. Tukakamua ndimu, wekundu ukarudi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Na alfajiri nikitoka kukamua naitazama ile nyota kubwa. Ulisema si nyota, ni dunia nyingine inayoangazwa na jua, na ile ya jioni ni hiyohiyo. Umri wangu wote nilijua ni mbili! Nasimama hapo na kibuyu, maziwa yanapoa, najiona mdogo kama punje ya mtama, wala hainiumi. Nataka kujua zaidi kabla sijafa. Wewe uliyesimama mbele ya wanaume wenye fimbo, leo unawaogopa watoto wenye kaptula?

Sikiliza. Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, nenda kwa mwalimu wa taaluma, arudishe jina lako kwenye masomo yote mawili. Usiniandikie kabla hujafanya hivyo.

Ni mimi,
Bibi yako, mzaa baba