Rangi ya Ndani ya Boneti

Kwako ndugu yangu Bethwel, huko Bungoma,

Sisi huku Kitale tuko salama. Mahindi ya mzee wetu yamefanya vizuri, na mtoto wangu Jelagat ameanza kutembea. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako siku hizi inashikwa na mtu nisiyemjua, na ati yeye ndiye ananiuliza mimi ni nani.

Kwa meseji uliuliza rangi gani ya kijani inadumu ndani ya boneti, pale kwa injini. Usinunue ile ya bei rahisi; joto na oili zitaibambua. Chukua ile inayouzwa pamoja na dawa yake ya kuigandisha. Osha grisi yote, piga msasa, funika waya na gazeti, ndio upulize.

Lakini bana, mimi hupaka magari kila siku. Mtu akitaka gari lipendeze, anapaka nje. Anayepaka mpaka ndani ya boneti hataki ijulikane lilikuwa la rangi gani. Pikapu ya mzee uliyokuja nayo huko ni nyeupe. Mbona uliulizia kijani?

Nilipokuwa najifunza kazi, mzee aliniachia nipake mahali fulani ndani ya boneti yake, nami nikapashika kabla hapajakauka. Alama ya kidole changu iko mpaka leo. Sikwambii ni wapi, usije ukaipiga msasa.

Irudishe pikapu nyumbani Saboti kabla ya Jumapili, ikiwa nyeupe. Mzee sijamwambia kitu. Anajua inabeba vitunguu huko kwenu Myanga, na kila jioni bado anafagia pale inapolala.

Ni mimi dada yako,
Chepkosgei