Kochi la Kinyozi

Kwa Fundi Bati,
Nyuma ya Soko.
Jumapili, baada ya mkutano.

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na kabla ya yote niambie, u mzima? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Unakula ukashiba, au unakula umesimama kama mtu anayekimbiwa na gari? Mimi mjomba wako ni mzima kama nyundo. Mkaza mjomba wako naye hajambo, isipokuwa macho, na hayo macho ndiyo yamenikalisha niandike. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumpa mtu. Darasani sikukaa sana, lakini aliyekata bati maisha yake yote hawezi kushindwa na kalamu.

Hapo nimeinuka, nimefika mlangoni, nimerudi. Leo kukaa hakunikubali. Utaelewa.

Barua yako ilisema umaskini duniani ulipungua sana, halafu mwendo ukawa wa kobe, na huko ofisini kwenu mnaumiza vichwa kujua sababu. Niliisoma kwa sauti. Mkaza mjomba wako akauliza, "Huo uliopungua ulipita njia gani? Mbona hapa hatukuuona ukiondoka?" Nikamwambia asikukejeli, wewe ni mtu mkubwa sasa.

Lakini haki nitaitoa. Bomba lipo pale sokoni, hakuna anayebeba ndoo kutoka bondeni tena. Watoto wa mtaa mzima wanakwenda shule, hata yule wa muuza mkaa aliyekuwa akirusha mawe kwenye paa langu. Na umeme umekuja. Hapo ndipo panaponiwasha. Unajua mtaa huu wote uliwaka kwa koroboi zangu, na fundi wa kunifikia hakuwepo, na hata leo hayupo. Siuchukii umeme, watoto wanasoma bila kuvuta moshi. Ila nguzo zilipofika, wateja wakaisha. Nikageukia karai na ndoo, nikakuta za plastiki zimenitangulia. Waya wa kuingia kwangu bado sijauvuta. Na bado wananiita Mzee Koroboi.

Sasa macho. Mkaza mjomba wako ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ananitambua kwa kikohozi. Madaktari wanakuja hospitali ya hapa mwezi ujao, wanapasua bure, lakini ni kwa walioandikwa "kaya maskini" tu. Wakiondoka, hakuna ajuaye watarudi lini. Sisi hatukuandikwa. Sikiliza sababu kutoka kwangu, maana mtaani wanaisimulia vibaya.

Waandikishaji walitoa taarifa kwamba wanakuja. Wewe umelelewa na dada yangu, unajua: mgeni akitoa taarifa, anaandaliwa. Nikaazima kochi kwa kinyozi na televisheni kwa fundi cherehani. Akaja binti mmoja na mwenzake, wameshika simu pana kama kipande cha bati. Binti akazama kwenye kochi, akauliza, "Mzee, hili kochi ni lenu?"

"Sasa liko ndani ya nyumba ya nani?"

"Na televisheni?"

"Unaiona au huioni?"

Akabonyeza, akabonyeza tena. Mkaza mjomba wako alikuwa uani anachemsha maji ya chai, hakusikia. Sikusema uongo, mpwa wangu, niliuliza maswali tu. Ningejuaje kwamba kumkalisha mtu vizuri ndiko kukatwa jina? Wala hakuchungulia nyuma ya televisheni kuona waya unakwenda wapi. Hauendi popote.

Mkaza mjomba wako alipojua, hakugomba. Alichambua maharage kwa vidole, punje moja moja. Heri angegomba.

Leo basi kulikuwa na mkutano wa mtaa, uwanja wa shule. Majina ya walioandikwa yanasomwa, mwenye neno anasimama. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu alfajiri, hotuba nzuri, hata diwani angeiazima. Majina yakaisha. Kinyozi akanigusa kwa kiwiko, "Mzee, sema, au nikusemee?" Nikasimama, hotuba yote ikayeyuka. Nikasema tu, "Lile kochi ni la kinyozi."

"Langu kabisa!" akadakia. "Na leo nalitaka, wateja wanakalia ndoo!"

Uwanja ukacheka. Fundi cherehani naye hakubaki nyuma: "Na ile televisheni haijatoa sauti tangu ianguke. Mzee aliazima kioo!"

Mwenyekiti akagonga meza. "Kwa hiyo, Mzee Koroboi, wewe ni kaya maskini?"

Mpwa wangu, neno lile halikutoka. Nilifungua mdomo, likakwama kama msumari wa riviti usio na tundu. Watu hawa wamejifunza kusoma kwa taa zangu, niwaambie hivyo mbele ya watoto wao? Mkaza mjomba wako akasema kutoka kwenye benchi, "Andika, mwenyekiti. Ukimngoja yeye alitamke, tutalala hapa."

Wakajibu hawaandiki kwa maneno matupu. Binti atarudi kesho asubuhi kuangalia upya. Akikuta nyumba ni kama ilivyosemwa, jina linaingia.

Waambie wakubwa zako, na useme ni mimi niliyesema: wakitaka kumwona mtu alivyo, wasitoe taarifa. Na wamwangalie mshona viatu wetu. Alipata nafuu, wakamfuta, wakashangilia kwamba amevuka. Kisha akaugua, akauza cherehani ya viatu, na sasa hayumo huku wala kule. Mtu akivuka mngojeeni kidogo ng'ambo, msimgeuzie mgongo papo hapo. Na lile neno tafuteni jingine. Mtu anaweza kukosa kitu bila kuitwa jina la kukosa kwake.

Kinyozi amekwisha kuchukua kochi, na televisheni imekwenda kwao. Nyumba imebaki na mwangwi, nikikohoa inanijibu. Kila nikikumbuka binti anakuja, miguu inataka kwenda kuazima angalau viti. Lakini mkaza mjomba wako ameweka kigoda mlangoni, amekikalia. Haoni, ila anasikia kila mguu wa kiti unaopita barabarani. Sasa hivi nimeinuka kidogo tu, akasema, "Unakwenda kwa nani?"

"Nanyoosha miguu."

"Inyooshee humu humu."

Basi nimekaa. Kesho binti atakalia hicho kigoda. Ni cha bati, nilikiunga mwenyewe, hakiyumbi, na hutakiona cha namna hiyo dukani kwenu. Akiuliza ni cha nani, sitamjibu kwa swali. Nitasema, chetu. Na akiliuliza lile neno, mkaza mjomba wako atajibu, nami nitakuwa nimekaa chini kando yake, sitainuka.

Msalimie mkeo, na wale pacha, waambie babu yao bado anakunja bati kwa mkono mtupu. Msalimie sana dada yangu akipiga simu. Hili la kochi usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na wakubwa wenye masikio.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa pendo langu mwenyewe, sikuliazima kwa mtu,

Mzee Koroboi, fundi bati.