Safari ya Sironga

Jumanne, Nyamira

Na nilivyokuwa nikijisifu! Unabonyeza mara tatu tu, karo imefika shuleni, na mzazi hajatoka hata kwenye shamba lake la chai.

Leo nilimpelekea Mama Kwamboka, kule Birongo, aijaribu programu yangu. Alilipa kwa dakika moja. Kisha akaniuliza, "Sasa risiti nitaipeleka lini shuleni?"

"Hutaipeleka, Mama. Inafika yenyewe. Hutasumbuka tena kwenda Sironga."

Akaifuta simu yangu kwa leso yake, akanirudishia.

"Mwanangu, bwanangu hataki nitoke nyumbani bila sababu. Lakini risiti ilikuwa lazima ipelekwe. Nikifika, mwalimu ananiitia binti yangu Kwamboka, tunakaa naye kidogo pale langoni."

Nilikunywa chai yake nikiangalia chini. Nimekasirika tangu nirudi, na sijui namkasirikia nani, huyo mume au...

Safari yake haiwezi kurudishwa. Shule imeshatangaza kwamba muhula ujao risiti za karatasi hazitapokelewa. Barua ya tangazo niliwaandikia mimi mwenyewe, bila kuombwa. Inaanza hivi: "Mzazi mpendwa, tumekuondolea usumbufu."