Chumba cha Kushonea Kimefungwa, Wifi

Wifi yangu Mwanaidi,

Nimestaafu. Ningekupigia simu. Ningenunua kadi pale dukani Stratford Road, nikaikwaruza, nikakaa kwenye ngazi kukusimulia mpaka dakika ziishe, kama tulivyozoea tangu wewe na kaka mliporudi Tanga mkaniacha huku kwa Waingereza. Lakini wewe hupokei simu tena, Mungu akurehemu, na kaka nikimweleza mambo ya kazini anasema "sawa, sawa," halafu anauliza kama baridi imeanza. Basi nakuandikia, na atakayetaka kusoma asome.

Unakumbuka siku uliyonipeleka hospitali kuomba kazi? Nilivaa koti lako, mikono imenizidi, na kwenye basi nikakuambia naogopa, Kiingereza changu cha shule kimeniganda mdomoni. Ukasema, "Wewe shona tu. Kiingereza kitakuja chenyewe." Ukanifungulia mlango wa kile chumba cha chini ulichokuwa ukishonea, na mwenzako Maureen akainua kichwa kwenye cherehani yake akasema kitu. Ukacheka, nami nikacheka kwa kukufuata. Baadaye ndipo uliponieleza alichosema: "Haya, sasa mmekuwa wawili wa kunisengenya."

Miaka mingi tulikuwa watatu mle ndani, na mapazia ya wodi, sare za wauguzi, magauni ya chumba cha upasuaji yaliyokatika kamba. Kwa vile alinisikia nikikuita wifi, Maureen alidhani ndilo jina lako, akakuita hivyo hata mbele ya wakubwa. "Wifi, nipe mkasi." Nawe hukumsahihisha kamwe. Adhuhuri ikifika alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai asiingie mtu mpaka tumalize kusali. Siku moja alimzuia daktari mzima, suruali imechanika nyuma, akamwambia asubiri, sasa hivi ni zamu ya Mungu.

Ulipoondoka tukabaki wawili. Na ilipokuja habari ya msiba wako, Maureen alizima cherehani zote, akakaa nami sakafuni kwenye rundo la mapazia. Ndiyo maana yaliyokuja baadaye yaliniuma mno.

Mwaka wangu wa mwisho ulianza na bosi mpya, Karen, rika la binti yangu Rukia. Alituita ofisini, akatupa biskuti, akasema mimi nikishastaafu chumba kitafungwa. Nguo zitapelekwa kushonwa nje. Maureen, ambaye bado ana miaka kadhaa ya kazi, atahamishiwa chumba cha kufulia. Kisha akanipongeza. "Bila shaka unahesabu siku," akaniambia kwa tabasamu. Nikamtazama Maureen. Alikuwa ameikodolea macho biskuti yake.

Tuliporudi chumbani akavuta cherehani yake, akaigeuza ikaelekea ukutani.

"Maureen," nikamwita.

"Ungebaki mwaka mmoja tu, Zu," akasema bila kugeuka. "Mmoja tu. Wasingethubutu."

Tangu hapo hakunisemesha ila la kazi. Redio akaihamishia upande wake. Adhuhuri ikifika alichukua kikombe chake akaenda kantini, akauacha mlango wazi, nami nikasali huku wasukuma matoroli wakipita na kuchungulia. Nje ya chumba watu wote walinichangamkia: una bahati wewe, utapumzika, utarudi nyumbani kwenye jua lenu. Nyumbani gani, na wewe hupo? Waliongea nami kama mtu aliyekwisha kuondoka. Hata kwenye mikutano ya kitengo wakaacha kuniita. Nadhani walifikiri wananipunguzia mzigo. Basi nilishinda nikishona, nikisikia cherehani ya mwenzangu nyuma ya mgongo wangu ikienda, ikisimama, ikienda, na huo ndio ulikuwa uhai pekee niliokaa nao kutwa nzima.

Presha ikapanda. Daktari akauliza kama kuna jambo linanisumbua, nikasema hakuna. Ningemwambia nini, kwamba mwenzangu amegeuza cherehani? Rukia nilimwambia. Alinisikiliza kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: hao ni watu wa kazini tu, Mama, baada ya miezi michache utawasahau. Alisema hivyo kwa kunipenda, najua. Nikamkatia kipande cha mkate wa kumimina, tukaingia mazungumzo mengine.

Baridi ilipoanza kupungua nikashindwa kuvumilia. Nikapanda kwa Karen peke yangu. Magoti haya yananiuma, wifi, na siku hizi sitii uzi kwenye sindano mpaka niwashe taa ya pili, lakini nikamuuliza: je, nikibaki mwaka mmoja zaidi, chumba kitabaki?

Akainuka akafunga mlango. Nikamwona shingo inamwiva wekundu.

"Zuhura, haikuwa kwa sababu yako," akasema. "Walishakubaliana na kampuni ya nje kabla hata mimi sijaajiriwa. Kustaafu kwako kumewapa tu maneno ya kusema."

Nilishuka ngazi kama msichana. Nikamweleza Maureen yote, bado nahema. Yeye akamaliza mshono wake, akakata uzi.

"Najua," akasema. "Nimejua tangu Krismasi."

"Sasa kwa nini, Maureen?"

Hapo ndipo akageuka. "Hao waliokubaliana siwajui hata sura. Nitamkasirikia nani? Wewe ndiye uliye hapa. Na wewe ndiye unayeondoka. Kwanza Wifi, sasa wewe. Mimi ninabaki na mashuka machafu, na watu nisiowajua."

Ningependa kukuambia kwamba tulikumbatiana, lakini hatukukumbatiana. Alirudisha redio katikati ya meza, basi, tukaendelea na kazi. Kuanzia hapo tuliongea kidogo kidogo, kama watu waliotoka kuugua. Yale mazungumzo yetu ya zamani hayakurudi. Nilingoja yarudi, nikaona wiki zinakwisha.

Siku ya mwisho walinifanyia keki na maua kantini, Karen akasoma maneno mazuri, watu wakapiga makofi. Maureen hakutokea. Nilirudi chumbani kuchukua koti langu, nikamkuta amesimama juu ya kiti, amevaa sare mpya ya kule kufulia, suruali imemfunika viatu.

"Ndefu," akasema. "Nipindie."

Nikapiga magoti, nikajaza pini mdomoni. Nikamzunguka taratibu, nikipachika pini moja moja, naye amesimama wima kama mtoto anayepimwa nguo ya sikukuu. Akaweka mkono kichwani kwangu, juu ya mtandio, kama wa kujishikilia asianguke. Akauacha hapohapo hata nilipokuwa nimemaliza. Kisha akaivua suruali, nikaketi, nikaipinda kwa mkono. Cherehani ilikuwa pale, ingenichukua muda mfupi tu. Nilitaka kuchelewa. Nilipompa suruali yake alipitisha kidole kwenye pindo, akatikisa kichwa kukubali, akatoka nayo.

Sasa nakaa Sparkhill nyumbani. Naamka saa ile ile ya kazi, navaa, halafu nakumbuka. Rukia anakuja Jumapili. Majirani ni watu wazuri, wanagonga, wanaleta chakula, wananiuliza siku ya mwisho ilikuwaje. Nawasimulia habari ya suruali ya Maureen, na kila mmoja, hata Rukia, ananiuliza swali moja: si naye alikuwa fundi? Kwa nini hakujipindia mwenyewe?

Nawapa chai, wanaaga, nafunga mlango. Katika dunia hii nzima, wifi, ni wewe tu ambaye usingeuliza.

Mungu akuweke pema.

Wifi yako,
Zuhura