Karatasi ya Thirza

Jumanne, 7 Februari 1871
Wameletwa hospitalini wanawake tisa, malaya wa kupimwa magonjwa ya zinaa, wasije wakawaambukiza askari. Mmoja si wa kazi hiyo – naapa! Thirza Lillicrap, mshona glavu, miaka kumi na saba. Polisi wa nguo za kiraia kamkuta akiongea na askari langoni mwa kambi. Basi, malaya huyo.

Hajui kusoma. Alipopewa karatasi ya kutia alama akaniuliza, "Inasemaje, dada?" Daktari Venning akanikazia macho. Nikamwambia ni utaratibu tu, atie msalaba pale chini. Kumbe inasema amekiri kwa hiari yake kuwa ni malaya, na atapimwa kila wiki mbili, mwaka mzima. Mimi kusoma najua!

Kwenye meza ya kupimiwa alilia. Daktari: anaigiza huyo. Aliyemtangulia hakulia. Daktari: hana haya. Sasa mtu afanyeje?

Alhamisi, 9 Februari
Daktari anawa mikono, anahubiri. Mwanamke mwema hasumbuliwi na tamaa ya mwili, anayesumbuliwa kaharibika. Nimeshika beseni. Nikamkumbuka marehemu Jabez wangu, Jumapili za mvua, hatutaki hata kuamka. Kwa hiyo mimi nani?

Loveday wa kitanda cha sita kaniona nilivyobadilika uso. "Nesi, wewe ukipandishwa pale mezani, atakuta nini?" Wodi nzima kicheko. Nilikasirika mpaka nikamwaga supu.

Askari wenyewe hawapimwi. Eti wataona aibu.

Jumamosi, 11 Februari
Thirza ni mzima. Tena hajawahi kumjua mwanamume. Daktari kaandika "hana ugonjwa", kafunga daftari, kamwachia. Jina limebaki mle mle, kwenye orodha ya malaya. Kiwanda cha glavu kimeshasikia, wamemfukuza.

Jumatatu, 13 Februari
Wamemtoa majini, pale gatini. Thirza.

Siwezi.

Jumanne, 14 Februari
Namsikia. Mchana kweupe, naosha vile vyuma vya daktari – "Inasemaje, dada?" Nageuka, hakuna mtu. Nimeviangusha vyote. Loveday leo hakucheka. Kaniokotea, kanambia niketi.

Naogopa. Ningemsomea tu! Maneno mawili matatu.

Jumatano, 15 Februari
Uchunguzi wa kifo chake unafanyika ghorofani kwenye baa ya jirani, kama desturi. Mimi ni shahidi. Daktari kanielekeza njiani: niseme msichana alielezwa kila kitu, akakubali. Nikisema vingine, kazi sina, na hakuna hospitali itakayonichukua.

Mama yake tumekaa naye benchi moja. Mfua nguo, vidole vimebabuka kwa magadi. Hajui mimi ni nani. Daktari kampa karatasi na kalamu, kampa pole, kaingia ndani. Mama kanigeukia. "Nisomee, mwanangu. Wenzio wote wana haraka."

Inasema binti yake alitia alama akijua anachofanya, na yeye mama hana lalamiko na mtu yeyote.

Nikamwambia hapa giza, naenda dirishani. Uongo! Nimejifungia chooni, karatasi ipo gotini, naandika humu kwa kalamu ile ile ya daktari.

Daktari amerudi kwenye korido, namsikia. "Ni utaratibu tu, mama. Msalaba mmoja tu pale chini."

Mama anasema haya baba, lakini karatasi kaichukua yule dada, anamsomea kwanza. Amsubiri.

Sasa hatua za viatu zinakuja huku. Mlango unagongwa. Daktari anataka karatasi yake, na kalamu.

Kalamu ninayo mimi.