Tulivyohesabiwa Mara Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mkono hautetemeki, na wateja wako wanaondoka kwenye kiti wakiwa na masikio yote mawili. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, goti lake limetulia tangu mvua ziishe, na anasema ule vizuri, usiwe mtu wa kushindia chai. Baba yuko karakanani tangu asubuhi. Ninavyoandika nasikia randa yake. Mimi ni mzima, ila miguu imekonda, kwa sababu wiki tatu hizi nimepanda na kushuka milima kumshinda mbuzi.

Nina jambo la kukiri, na linakuhusu. Lakini unanijua, nikianza nalo nitaishia hapo hapo, kwa hiyo vumilia nizunguke kidogo.

Nilipata kazi ya sensa. Usicheke. Karani aliyeletwa kutuhesabu ni mwalimu kutoka bondeni, hajui hata salamu moja ya lugha yetu, na wazee wa milimani hawajui ya shule. Wakatafuta mtu mwenye zote mbili, na mwalimu mkuu akanitaja mimi, mimi ambaye nikiitwa darasani husimama nikasahau swali, jibu na jina langu. Mama alipopata habari alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alisema hiyo sensa itachukua miaka miwili.

Karani ni mtu mwema, mnene kidogo, na mfukoni ana kalamu nne zilizopangwa. Watoto walimbatiza Kalamu Nne siku ya kwanza, naye alipouliza wanaimba nini nikamwambia wanamkaribisha. Alikuja na ramani kubwa ya wilaya yetu. Kaka, sikuwahi kuona kwetu kutoka juu. Mistari ya miinuko imebanana kama nywele zilizochanwa kwa chanuo la meno membamba, mto umepita katikati kama njia ya kitana, na huku kwenye ukingo wetu hakuna jina wala nyumba, rangi ya kahawia tu. Pembeni imeandikwa kwamba wilaya ni ya milima, makabila yake ni madogo madogo, na kila kilomita ya mraba ina watu kumi na mmoja. Karani alisimama kwenye mteremko wa kwanza, akashika kiuno, akaniuliza hiyo kilomita ya mraba iko wapi, maana za huku anaona zimesimama wima. Ndiyo siku niliyompenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anasoma swali kwenye fomu, mimi naligeuza, wanajibu, naligeuza tena, yeye anaandika. Swali la kwanza na kubwa lilikuwa ni nani waliolala katika nyumba hii usiku wa sensa. Nililigeuza bila hata kufikiri. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Wewe unajua, maana umeisema lugha hii kabla yangu. Kwetu ukisema fulani analala hapa, husemi habari za usiku. Unasema hapa ndipo kwake. Ukimuuliza mtu mjomba wake analala wapi, atakuonyesha nyumba ya mjomba, hata kama mjomba yuko mgodini mwaka wa nne. Basi mimi nilipita nyumba hadi nyumba nikiuliza hapa ni kwa nani na nani, na watu wakanijibu kwa moyo mweupe, wakataja kila mwenye kwao, na Kalamu Nne akaandika wote kwamba walilala pale usiku ule.

Siku ya pili tulifika kwa yule bibi wa nyumba ya mwisho juu kabisa. Akataja watu kumi na mmoja. Karani akachungulia ndani, akaona kitanda kimoja na mkeka mmoja, akaniuliza kwa upole kama wanalala kwa zamu. Nikamuuliza bibi. Akanitazama kama aliyeulizwa na kichaa, akasema wengine wako mijini, wawili wako kwenye mashamba ya watu, lakini wanalala hapa, watalala wapi kwingine? Nikahisi masikio yanawaka. Nikamgeukia karani nikamwambia wametoka tu, watarudi. Akaandika kumi na mmoja.

Nilinyamaza siku nne, Kaka. Tukamaliza nyumba hamsini na nane. Kila jioni Kalamu Nne alijumlisha akitabasamu, akasema ukingo huu haujawahi kuwa na watu mia tatu thelathini na moja, kwamba wakizidi mia tatu hupewa mwalimu wa pili na nesi wa kukaa. Habari ikapanda mlima kabla yetu. Watu wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa silali, kwa lugha zote mbili, maana nilijua vijana wale wamehesabiwa na huko waliko pia, na siku mtu akikagua, jina litakalochafuka ni la Kalamu Nne.

Kusema sikuweza. Niliandika kwenye karatasi, nikaichomeka kati ya fomu. Akaisoma siku ya kushuka, ameketi juu ya jiwe, viatu amevua. Nilisubiri anifukuze. Akakunja karatasi, akasema amesoma vizuri, sasa anataka kusikia. Nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga, lakini nilisema yote, na neno lenyewe nikamfundisha. Akatazama mlima, akatazama viatu vyake, akasema basi avivae tena.

Tulirudia nyumba zote. Safari hii nilikuwa nauliza ni nani aliyefumba macho usiku ule chini ya paa hili, na mwili wake ukiwemo. Walitutania mpaka basi. Jirani yetu mwashi alituuliza kama tumetumwa kuwapunguza, kwamba juzi walikuwa saba, leo watano, tukija tena tutamwachia paka. Mke wake akamjibu kwamba hata paka halali pale. Bibi wa juu alikasirika, akasema atutajie mmoja tu, yeye, na tumwandike kwa herufi kubwa zijaze nafasi. Tukaishia mia mbili arobaini na saba. Nesi hatutapata, labda mwalimu, wakituhurumia. Karani aliandika barua kwa wakubwa wake kwamba kosa ni la swali, si la mkalimani, na akanipa kalamu moja, sasa amebaki na tatu.

Sasa lile lako. Karani anaamini nilinyamaza kwa sababu ya aibu, nami nimemwacha aamini. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nyumba yetu ilikuwa ya siku ya tatu. Nilishajua kosa. Neno sahihi lilikuwa tayari mdomoni. Lakini tulipoketi karakanani, Baba akiwa na penseli sikioni, nilimuuliza kwa neno lile lile bovu, kwa makusudi. Tangu ulipoondoka hajakutaja hata mara moja, Kaka, mwaka na miezi minane, tangu aliposema hakukufundisha kushika randa ili ukawanyoe watu ndevu. Nilitaka kusikia angejibu nini akiulizwa na serikali.

Alitaja jina lake, akamtaja Mama. Kisha akakutaja wewe, jina lote, kabla yangu. Karani akataka kujua kazi yako. Nikaligeuza swali. Baba akasema kinyozi, akasubiri mpaka aone limeandikwa. Mama alikuwa mlangoni amebeba maji. Aliyaweka chini, akayabeba tena, akaondoka nayo alikotoka.

Ndiyo maana nilinyamaza siku mbili zaidi. Ningesema ukweli ningelazimika kukufuta.

Na nimekufuta. Tuliporudi nilimuuliza Baba kwa neno sahihi. Alinitazama, nadhani alielewa yote niliyofanya, akasema kama ni usiku, basi hakuwepo. Karani akanipa rula nipige mstari mwenyewe. Baba akaniambia nimuulize mgeni kama vijana walioko mjini nao wanahesabiwa huko. Karani akasema ndiyo, kama mtu aligonga na wakafungua. Baba akasema wengine wana usingizi mzito.

Nisamehe kwa mstari ule. Nisamehe pia kwa hila, ingawa sijui kama ninaijutia sana.

Mama anakusalimu, jirani mwashi anakusalimu na anauliza bei ya kunyoa kipara kama ni nusu. Jana Baba aliponiona natafuta bahasha hakusema nikusalimie. Alisema nikuulize kama kuna aliyekuja kukuhesabu. Nijibu upesi, tafadhali, ila juu ya bahasha usiandike jina langu. Andika lake.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya