Regyuleta Iliyoombewa

Homa Bay,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa mwanangu Tony,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na mkeo Liz. Natumaini joto la Doha halijawayeyusha, ingawa kwa picha ulizoweka juzi naona tumbo lako limekataa kabisa kuyeyuka. Vipi presha yako? Vipi mgongo wa Liz? Mimi, mama yako mdogo, ni mzima. Magoti yananisumbua asubuhi ninapopanda boti, lakini jua likipanda yananyamaza, nami naendelea na kazi.

Bado niko kwenye vizimba vya samaki hapa ziwani, natunza vifaa vya wazamiaji wanaoshuka kushona nyavu. Mwezi uliopita maji yaligeuka rangi, samaki wetu, ngege, wakafa wengi wakaelea matumbo juu. Harufu ilifika mpaka sokoni. Sasa tumeanza upya na vifaranga wengine.

Dada yangu, yaani mama yako, hajambo kwa mwili. Anapika, analima, anakwenda kanisani. Lakini tangu tumzike mdogo wako Wesley hapo Uriri, mwaka jana wakati wa mvua, hajakanyaga kaburini, na kaburi liko nyuma ya jiko lake. Nyasi zimefika kiunoni. Sabato akiwaombea watoto wake anakutaja wewe, anamtaja dada yako Edith, anamtaja Liz, anamtaja hata paka wenu ambaye ulimtumia picha yake. Wesley anamruka. Anaamini alikufa mlevi, kwa kuwa wewe ulisema hivyo. Nitalifikia hilo, usiwe na haraka.

Niliisikiliza ile sauti uliyonitumia kwa WhatsApp. Unataka nikusaidie kuchagua regyuleta ya mtumba, ile mashine ya kupumulia chini ya maji, ili Desemba wewe na Liz mkazamie huko pwani, Watamu. Nimesikia pia kwamba nyumbani Migori hamtafika kwa sababu Liz anaogopa mbu. Mbu wa Watamu, naona, wamesoma.

Nakujibu kwa karatasi kwa sababu sauti mtu huifuta. Barua hii inaletwa na Beverlyne, binti wa jirani yangu, anayekuja huko kazini. Ana kifurushi chako pia. Usikifungue kabla hujamaliza kusoma, na usisome ukiwa unakula.

Haya, tuanze na kazi, maana uliuliza swali la haki nami sina tabia ya kumnyima mtu jibu.

Ukionyeshwa regyuleta, usiifunge kwenye mtungi kwanza. Ziba tundu la hewa kwenye kichwa chake, kile chuma kinachokaa juu ya mtungi, kisha uvute pumzi kwa kidomo. Usipate kitu. Ukipata hewa, pana mahali panapovuja, na panapopitisha hewa nchi kavu patapitisha maji ukiwa chini. Halafu chungulia ndani ya kichwa. Mna kichujio kidogo kama kifungo cha shati. Kiwe cheupe cha kung'aa. Kikiwa kijani, maji ya chumvi yaliingia na mwenyewe hakujisumbua kuisafisha. Atakuapia kwamba aliitumia mara chache tu. Watu wa namna hiyo unawajua kuliko mimi.

Mipira ya hewa huchanika pale inapokutana na chuma, chini ya vile vifuniko vyeusi ambavyo mnunuzi mshamba hudhani ni urembo. Vivute nyuma, uikunje mipira, uangalie. Kisha ndipo uifunge kwenye mtungi uliojaa, uvute pumzi ndefu macho yakiwa kwenye geji. Mshale ukitulia, sawa. Mshale ukianguka kila unapovuta, hewa inapita kwa shida. Nchi kavu hutahisi lolote, utasema ni nzima. Itakunyima chini, pale unapoihitaji.

Kwa kuwa ni ya safari, chukua nyepesi, ya kampuni ambayo spea zake zinapatikana Mombasa, na uwaulize hao wa Watamu mitungi yao inafungwa kwa aina gani ya kibanio kabla hujafika na kitu kisichoingia. Na umuulize muuzaji kwa nini anaiuza. Mtazame machoni anapojibu.

Wewe hukuwahi kuulizwa hivyo, Tony, kwa sababu wewe hukuuza. Ulitoa zawadi.

Unakumbuka Krismasi ile begi lako lilipofika Uriri bila wewe? Viatu vilivyolika visigino, suruali zilizokukataa kiuno, chaja za simu zisizo na simu, na chini kabisa regyuleta, zawadi ya Wesley, imefungwa kwa taulo. Kijana alilia. Alikuwa amejifunza kuzamia hapa kwangu, akitumia vifaa vya vizimba, na sasa alikuwa na cha kwake kutoka kwa kaka yake. Mama yako aliiweka mezani katikati ya ugali na kuku, Mzee wa Kanisa Cephas akaweka mkono juu yake, tukafumba macho sote. Tuliiombea mashine ile sala ndefu kuliko tuliyowahi kuombea mgonjwa.

Baada ya chakula nilimwambia Wesley aje nayo Homa Bay niifungue niikague. Akacheka.

"Aki mama mdogo, hii imeombewa. Ukiifungua na spana si ni kama tunamshuku Tony?"

Mama yako akamuunga mkono, Cephas akatikisa kichwa kunionya, nami nikaonekana mwenye wivu. Ndivyo tulivyo sisi watu wa nyumba hii. Kitu cha dukani tunakigonga, tunakinusa, tunakiweka juani. Kitu kilichotoka kwa mtoto wa ng'ambo tunakiwekea mikono na kusema amina. Wewe unatujua, ulilelewa humo.

Sasa nikurudishie maneno yako mwenyewe, maana nimeyasikiliza mpaka nayajua kwa moyo. "Mama mdogo, nataka tu kitu light, si kama ile yangu ya kwanza. Hiyo ilikuwa inaniingizia maji kila nikiinamisha kichwa, na nikishuka ni kama navuta hewa kwa straw. Karibu inimalize kule Oman. Niliitoa kwa nyumba haraka sana."

Uliitoa kwa nyumba. Uliipeleka wapi, mwanangu? Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini wako ni wa ajabu, ulimponza mwingine kwanza. Ulicheka mwishoni mwa ile sauti. Nilikaa kwenye boti iliyofungwa gatini, nikatetemeka kwa hasira mpaka vijana wakaniuliza kama nina malaria.

Kilichotokea kule machimboni Osiri unakijua nusu. Mvua ilijaza shimo la dhahabu la Machuki, pampu ikazama, Machuki akamwita Wesley ashuke aifunge kamba ivutwe. Maji ya shimo si kama ya Oman, ni tope, huoni mkono wako. Nchagwa, yule Mkuria mchimbaji, ndiye aliyeshika kamba ya Wesley. Walipomtoa alikuwa amekwisha, na pale ukingoni palikuwa na chupa ya chang'aa. Mtu akapiga picha ya chupa. Picha ikafika Doha kabla ya mwili kufika mochari.

Na wewe, mkubwa wa nyumba, baba yenu akiwa hayupo, uliona chupa ukapumua. Nalijua hilo sasa. Chupa ilikufaa. Hukuja kuzika, ulituma maneno, Cephas akayasoma mbele ya jeneza: ndugu yangu ameponzwa na pombe, vijana mjifunze. Kwaya ilikuwa imevaa sare. Iliketi. Kwetu Waadventista mlevi haimbiwi, basi Wesley aliteremshwa kwa sauti ya koleo tu.

Nchagwa alinifuata nyuma ya hema, kofia mkononi. "Mathe, ile chupa ni yangu. Huyo kijana alikunywa chai na mandazi, akaomba, akaingia. Mimi ndiye mlevi hapo, waulize wote." Akanikabidhi ile regyuleta kwenye gunia la saruji.

Nilimwambia mama yako siku hiyo hiyo. Akanitazama kama ninayetaka kumuuzia kitu kibovu. "Kezia, Tony ndiye mkubwa wa hii boma. Hawezi sema uongo juu ya maiti." Nimerudia mwaka mzima na zaidi. Jibu ni lile lile. Nchagwa alikwenda mwenyewe mpaka Uriri kusema, akapewa uji akaambiwa ataombewa aache pombe.

Regyuleta niliifungua hapa mezani kwangu. Kichujio kilikuwa kijani kabisa. Chumvi imeganda ndani, na shimo la Osiri halina chumvi, ziwa letu halina chumvi. Mpira mmoja ulikuwa umechanika chini ya kifuniko. Ile vali laini ya kutolea pumzi ilikuwa imepasuka, ndiyo iliyokuwa ikikuingizia maji ukiinamisha kichwa, na mtu anayefunga kamba kwenye pampu iliyozama huinamisha kichwa. Mwaka mzima nilidhani hukujua. Nilikutetea moyoni mwangu. Nilisema, mtoto wa watu alituma kwa upendo, hajui mambo ya vali. Nakudai huo utetezi, lakini baki nao, umeshanuka.

Sasa sikiliza ninachotaka. Desemba mtatoka Doha mpaka Nairobi. Liz aende Watamu akale kaa. Wewe utapanda gari la Migori, na Sabato itakayofuata utasimama mbele ya kanisa, ndani ya suti ile ya harusi kama bado inafunga, useme kwa mdomo wako kwamba Wesley hakuwa amelewa, kwamba ulimpa kitu ulichokijua kibovu. Useme mama yako akiwa ameketi benchi la mbele. Mimi hanisikii. Nchagwa hamsikii. Wewe atakusikia, maana amekuamini hata ulipodanganya.

Usipokuja, ile sauti yako ninayo kwenye simu. Nitaiunganisha na spika ya kwaya, kwa sauti ya juu, pamoja na kicheko. Najua itamvunja dada yangu, na nitaifanya. Ndiyo sababu nakutaka wewe uje. Mtoto akikiri mamaye huweza kumkumbatia. Spika haikumbatiwi.

Nisalimie Liz, mwambie namwombea mgongo. Dada yako Edith anakusalimu kutoka Masara, amejifungua mvulana mwezi huu na alitaka kumwita Wesley. Mama yako alikataa. Mtoto hana jina mpaka leo, wanamwita tu "huyu". Binamu yako Mokaya anakusalimu pia, anauliza kama una viatu vingine. Nilimwambia ajifunze kutembea peku.

Haya, fungua kifurushi.

Umeiona. Uliniomba nikuchagulie ya mtumba ya kuaminika, nami nimekuchagulia. Nimeiosha kila kiungo. Kichujio kipya, vali mpya, mipira mipya, geji nimeipima. Nimewapa vijana wangu wameshuka nayo vizimbani wiki nzima, inapumua kwa ulaini kama mtoto aliyeshiba. Ni nyepesi, itaingia kwenye begi la mkononi. Hutapata nyingine sokoni ambayo historia yake unaijua yote.

Kitu kimoja tu sikukibadilisha, ule mpira wa kuumia mdomoni. Uangalie vizuri kwenye mwanga. Meno yamepita mpaka upande wa pili, kushoto na kulia. Mlevi akiishiwa pumzi hutema. Wesley aliiuma mpaka wakaitoa kinywani kwake kwa nguvu, kwa kuwa ilitoka kwako, na aliamini hewa itakuja. Ukifika Watamu bila kupitia Migori, vaa hiyo. Weka meno yako palepale palipo na yake.

Mungu wa baba yako akupe pumzi ya kukufikisha nyumbani.

Ni mimi nikupendaye, bado, na sijui kwa nini,
Mama yako mdogo,
Kezia.